Askofu wa makanisa matano: kumwelewa Clemens August wa Bavaria

Kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, nje kidogo ya mji wa Sögel, kuna jumba la mawindo liitwalo Clemenswerth. Lilijengwa kati ya mwaka 1737 na 1747 kwa matofali mekundu, na ukilitazama kutoka juu utadhani ni nyota iliyoangukia msituni. Jumba kuu liko katikati, nyumba ndogo nane zimelizunguka, na baina ya nyumba na nyumba inatoka njia iliyonyooka inayopotelea kwenye miti. Nyumba moja ni kikanisa, na nyuma yake watawa Wakapuchini walipewa makao. Saba zilizobaki zina majina: Köln, Münster, Paderborn, Hildesheim, Osnabrück, Mergentheim, na ya saba ina jina la mwenye mali mwenyewe, Clemens August.

Majina matano ya mwanzo ni ya majimbo ya Kanisa Katoliki. Mwenye jumba alikuwa askofu wa yote matano kwa wakati mmoja, na watu wa zama zake walimwita kwa Kifaransa Bwana wa Makanisa Matano. Mergentheim ndiko walikokuwa na makao makuu Mashujaa Wateutoni, shirika la kitawa na kijeshi lililoanzishwa wakati wa Vita vya Msalaba. Mkuu wa shirika hilo alikuwa yeye vilevile. Hapa Sögel alikuja kuwinda.

Sisi tuliozoea askofu anayefika parokiani kutoa kipaimara, akapokewa kwa matawi na vigelegele, tunakwama hapohapo. Sheria ya Kanisa ya leo inataka anayeteuliwa kuwa askofu awe na umri usiopungua miaka 35 na awe amekuwa padre kwa miaka mitano au zaidi. Clemens August alichaguliwa askofu mara ya kwanza mwaka 1716, akiwa na miaka 15, wala hajawa hata shemasi. Alipopata upadre, tayari alikuwa na majimbo manne mkononi.

Jibu la haraka ni kwamba Kanisa lilikuwa limeoza, basi. Sikatai kwamba kulikuwa na uozo. Lakini jibu hilo halituelezi kwa nini Papa aliridhia, kwa nini makanoni, yaani wajumbe wa baraza la Kanisa Kuu, walipiga kura, kwa nini Kaisari hakuzuia, wala kwa nini waumini wa Münster waliendelea kubatizwa, kupewa kipaimara na kuzikwa kwa utaratibu kana kwamba askofu wao yupo. Tukitaka kuelewa, itabidi tufungue mzigo uliofungwa kwa kamba moja.

Vitu vitatu chini ya kofia moja

Cha kwanza ni daraja. Hii ni sakramenti: mtu anawekewa mikono, anakuwa shemasi, kisha padre, kisha askofu, na anapata uwezo wa kuwapa wengine daraja hizo. Cha pili ni uongozi wa jimbo, yaani mamlaka juu ya mapadre, parokia, ndoa, mahakama za Kanisa. Cha tatu, ambacho sisi hatuna kabisa, ni utemi. Katika Dola Takatifu la Kiroma, ambalo kwa sehemu kubwa ndilo Ujerumani ya leo, askofu wa Münster au wa Köln alikuwa pia mtawala wa nchi. Alitoza kodi, alitoza ushuru wa mtoni, aliandikisha askari, alinyonga wahalifu, alifunga mikataba na wafalme wa nje. Tumwite askofu mtemi. Wa Köln alikuwa na heshima zaidi, kwa sababu alikuwa mmoja wa watemi wateuzi waliomchagua Kaisari, mkuu wa Dola hilo. Wateuzi hao wakati huo walikuwa tisa, na watatu kati yao walikuwa maaskofu wakuu: wa Mainz, wa Trier na wa Köln.

Utemi haukuhitaji sakramenti. Mtu aliyechaguliwa na kuthibitishwa aliweza kushika nchi, kukusanya kodi na kuketi na wateuzi wenzake bila kuwa padre. Uongozi wa jimbo nao uliweza kukabidhiwa kwa makamu. Na kazi ile isiyoweza kufanywa na mtu asiye na daraja, yaani kutoa upadre, kubariki mafuta na kutabaruku makanisa, ilifanywa na askofu msaidizi, ambaye kwa kawaida alikuwa msomi wa nasaba ya chini, asiye na jumba la mawindo. Huyo ndiye ambaye Mkatoliki wa kijijini alimwona kwa macho yake. Ningependa historia imkumbuke zaidi kuliko inavyofanya.

Ukitaka kuona jinsi vitu hivyo vilivyoweza kutengana kabisa, itazame Osnabrück. Baada ya vita vya miaka thelathini, mapatano ya amani ya mwaka 1648 yaliamua kwamba jimbo hilo liongozwe kwa zamu: akifa askofu Mkatoliki, anafuata Mprotestanti wa ukoo wa Braunschweig-Lüneburg, kisha Mkatoliki tena. Zamu ya Mprotestanti ilipofika, alibaki na utemi tu, na mambo ya kiroho ya Wakatoliki yakaangaliwa na Askofu Mkuu wa Köln. Aliyemtangulia Clemens August huko Osnabrück alikuwa ndugu wa Mfalme George I wa Uingereza. Aliyemfuata alikuwa Frederick, mwana wa Mfalme George III, aliyechaguliwa mwaka 1764 akiwa na miezi sita. Mtoto anyonyaye aliitwa askofu wa Osnabrück, na katika hesabu za watu wa wakati ule hapakuwa na kosa lolote, kwa sababu kilichogawiwa pale kilikuwa nchi.

Mwana wa ukoo

Clemens August alizaliwa Brussels tarehe 17 Agosti 1700. Baba yake, Maximilian Emanuel, alikuwa mtemi mteuzi wa Bavaria. Mama yake, Theresa Kunegunda, alikuwa binti wa Jan Sobieski, mfalme wa Poland aliyeongoza majeshi yaliyowafukuza Waturuki mlangoni mwa Vienna mwaka 1683. Nasaba haikuwa na kasoro. Utoto ulikuwa na kasoro nyingi. Baba alijiunga na Ufaransa dhidi ya Kaisari katika vita vya kurithi ufalme wa Hispania, akashindwa vibaya mwaka 1704, akakimbia. Mama alisafiri kwenda Venice mwaka uliofuata, na aliporudi mpakani akazuiwa kuingia. Wavulana wakachukuliwa na Waaustria, watu wa Kaisari, wakalelewa Klagenfurt, baadaye Graz, chini ya Wajesuiti. Mtoto aliyeachwa na mama akiwa na miaka minne hakumwona tena hadi mwaka 1715. Kila ninaposoma habari za tabia yake ya baadaye, kubadilika kwake, kung'ang'ania kwake rafiki mmoja mmoja, kushuku kwake, narudi kwenye miaka hiyo kumi.

Familia iliporudishiwa nchi yake, wavulana waligawiwa maisha yao. Bavaria ilirithiwa na mwana mmoja tu, wa kwanza, na hilo lilikuwa limeamuliwa tangu mwaka 1506 ili nchi isikatwekatwe. Wa kwanza alikuwa Karl Albrecht. Wadogo zake walihitaji riziki inayolingana na jina lao, na riziki hiyo ilikuwa Kanisani. Ukoo wao ulikuwa umeishika Köln tangu mwaka 1583, baba mdogo akimwachia mtoto wa kaka yake, na ikaendelea hivyo kwa maaskofu wakuu watano mfululizo, miaka 178. Kwa sheria uaskofu haurithiwi. Kwa vitendo, hawa waligundua namna.

Namna yenyewe ilipitia kwa makanoni. Kila Kanisa Kuu lilikuwa na baraza la makanoni, na ndio waliopiga kura. Wengi wao walikuwa makabaila wenyewe, na katika mabaraza mengi hukuingia bila kuonyesha mababu wa kikabaila pande zote mbili kwa vizazi kadhaa. Kwao askofu mtemi alikuwa na sifa moja kubwa: hakuwa na mtoto wa halali. Akifa, kiti kinarudi kwao, wanaitawala nchi wao kwa muda, wanajadiliana upya, wanapokea zawadi upya. Wagombea na wafalme waliowaunga mkono walilijua hilo, na fedha zilitembea.

Mwaka 1719 ulitokea mkasa unaoonyesha utaratibu huu kwa karibu kuliko maelezo yoyote. Clemens August na kaka yake Philipp Moritz walikuwa Roma masomoni. Philipp Moritz ndiye aliyekuwa ameandaliwa viti vya Paderborn na Münster. Tarehe 14 Machi makanoni wa Paderborn wakamchagua. Tarehe 21 wale wa Münster wakamchagua pia. Habari zilisafiri kwa farasi, na habari iliyokuwa njiani ilikuwa nyingine: kijana alikuwa amefariki Roma tarehe 12, kabla ya kura zote mbili. Walikuwa wamemchagua marehemu mara mbili. Ukoo haukupoteza hata wiki kwa kilio. Kabla Machi haijaisha makanoni walipiga kura tena, na viti vyote viwili akapewa mdogo wake, mwenye miaka 18. Jimbo la Regensburg, lile la kwanza alilopewa akiwa na miaka 15, akaliachia, na likaenda kwa ndugu mwingine, Johann Theodor, ambaye naye alikuwa na miaka 15.

Köln ilihitaji mbinu nyingine. Mwaka 1722 alichaguliwa askofu mwandamizi, yaani aliye na haki ya kumfuata aliye kitini bila uchaguzi mpya. Baba yake mdogo, Joseph Clemens, alifariki Novemba 1723, na kijana akaingia. Hildesheim ikafuata mwaka 1724, Osnabrück mwaka 1728, na uongozi wa Mashujaa Wateutoni mwaka 1732.

Kwa nini Roma iliridhia

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu sheria ilikuwapo. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu uliomalizika mwaka 1563, ulikataza mtu kushika zaidi ya kanisa kuu moja, ulimtaka askofu akae jimboni mwake, na ulisema aliyeteuliwa awekwe wakfu ndani ya miezi mitatu. Clemens August alivunja vyote. Alivivunja kwa kibali, kwa maana Papa aliweza kutoa ruhusa ya kipekee, na ruhusa ilitolewa kila mara.

Tazama ramani. Majimbo haya ya kaskazini-magharibi yalipakana na Prussia, Hannover na Uholanzi, nchi za watawala Waprotestanti wenye majeshi. Na Roma ilikuwa na jeraha lisilosahaulika. Mwaka 1582 Askofu Mkuu wa Köln, Gebhard Truchsess von Waldburg, aliacha Ukatoliki, na mwaka uliofuata akamwoa Agnes von Mansfeld, huku akitaka kubaki na nchi. Lau angefaulu, wateuzi wengi wa Kaisari wangekuwa Waprotestanti. Vita vilipiganwa kwa miaka mitano, na waliomtoa walikuwa Wabavaria. Tangu hapo hesabu ya Roma ilikuwa nyepesi kuielewa, hata kama haipendezi: askofu mtakatifu asiye na askari hataokoa jimbo, ila kijana mwenye kaka anayetawala Bavaria huenda akaliokoa.

Hesabu hiyo ilimfaidi Joseph Clemens kabla ya kumfaidi mpwa wake. Mwaka 1688 makanoni wa Köln waligawanyika: kura 13 zilikwenda kwa Wilhelm Egon von Fürstenberg, mtu wa Louis wa 14 wa Ufaransa, na 9 kwa Joseph Clemens, kijana wa miaka 16. Tungesema Fürstenberg ameshinda. Lakini yeye tayari alikuwa askofu wa Strasbourg, na kwa mtu mwenye kiti kwingine sheria ilidai theluthi mbili ya kura. Hakuzifikisha, uamuzi ukamrudia Papa, na Papa Innocent wa 11 akampa kijana. Majeshi ya Ufaransa yalivuka mpaka mwaka uleule, na kisa cha Köln kilikuwa miongoni mwa sababu walizozitaja.

Kuwekewa mikono

Nimesema mengi kuhusu kura na ardhi, sasa tuitazame daraja, kwani ndipo mtu huyu anapoonekana binadamu. Angeweza kuendelea bila upadre. Baba yake mdogo alitawala Köln karibu miaka 20 kabla ya kuwekwa wakfu, na aliyemweka, huko Lille mwaka 1707, alikuwa Fénelon, Askofu Mkuu wa Cambrai. Clemens August alisitasita, maana upadre ulifunga mlango wa kurudi: kaka yake mkubwa akifa bila mrithi, padre hawezi kuoa na kuuendeleza ukoo. Mwishowe alipewa upadre Machi 1725. Novemba 1727 akawekwa wakfu kuwa askofu huko Viterbo, na aliyemwekea mikono alikuwa Papa Benedikto wa 13 mwenyewe.

Papa huyo naye alikuwa kabaila, wa ukoo wa Orsini, mzaliwa wa kwanza aliyeuacha utemi wa Gravina kwa mdogo wake ili awe mtawa Mdominiko. Mmoja aliukimbia ukoo kwenda Kanisani, mwingine alipelekwa Kanisani na baba. Walikutana mbele ya altare moja.

Mlango huohuo wa ukoo aliupitia, karne moja na nusu kabla, Karoli Borromeo, ambaye jina lake wengi wetu tunalijua kwenye kalenda ya watakatifu. Mjomba wake Papa Pius wa 4 alimpa ukardinali mwaka 1560 akiwa na miaka 21. Kaka yake alipofariki mwaka 1562, ndugu walimtaka aache mambo ya Kanisa na kuoa. Yeye akachagua upadre, akahamia Milano, na tauni ilipoingia mwaka 1576 akabaki mjini na wagonjwa.

Clemens August hakuwa Borromeo, wala sidhani alikuwa mnafiki. Alipokwisha kupewa daraja alizichukua kwa uzito, akiongoza ibada kubwa mwenyewe badala ya kumwachia msaidizi kila kitu. Huko Münster alijenga kanisa la Mtakatifu Klementi pamoja na hospitali ya watawa wahudumu wa wagonjwa. Juu ya kilima cha Kreuzberg, Bonn, alijengesha ngazi takatifu kwa kuiga ile ya Roma, ngazi ya marumaru inayopandwa kwa magoti.

Kozi na kikanisa cha makombe

Makao yake hayakuwa Köln, kwani jiji hilo lilikuwa limejitoa chini ya maaskofu wakuu tangu vita vya Worringen vya mwaka 1288. Aliishi Bonn, na zaidi alipenda Brühl, alikojenga jumba la Augustusburg, na karibu yake nyumba ndogo ya Falkenlust, iliyoanzwa mwaka 1729. Zote mbili ziliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1984.

Falkenlust ilijengwa pale kwa sababu ya ndege. Korongo waliruka kila siku kati ya viota vyao na maji walikovua samaki, na njia yao ilipita juu ya eneo hilo. Askofu Mkuu aliwarushia kozi, ndege wawindaji waliofunzwa, akatazama vita vya angani. Ndani, ukuta wa ngazi umefunikwa vigae vya bluu na vyeupe vya Kiholanzi vyenye picha za mawindo hayo, katika rangi za ukoo wa Bavaria. Ukitoka nje na kutembea hatua chache kati ya miti, unafika kwenye kikanisa kilichopambwa ndani kwa makombe ya bahari na vito vya mawe, kama pango. Kimetolewa kwa Mtakatifu Maria wa Misri, kahaba aliyetubu na kuishi jangwani. Mtu aliyejenga nyumba ya starehe namna ile, kisha akaweka mlangoni pake pango la toba, alijua kitu kuhusu nafsi yake.

Alikuwa na sababu. Alizaa binti na mpiga kinubi wa Bonn, Mechthild Brion. Rafiki aliyempenda kuliko wote, Johann Baptist von Roll, aliuawa katika pambano la panga mwezi Mei 1733. Akaamini ilikuwa njama, akamfukuza waziri wake hodari, Ferdinand von Plettenberg, na tangu hapo siasa yake haikutulia. Alichukua fedha za Ufaransa, akachukua za Austria, akachukua za Uingereza na Uholanzi, akarudi kwa Ufaransa. Majumba yalihitaji fedha. Mwaka huohuo wa 1733 aliajiriwa katika kwaya yake mwimbaji wa sauti ya besi, Ludwig van Beethoven, babu wa mtunzi maarufu atakayezaliwa Bonn mwaka 1770. Na huko Sögel, kuzunguka lile jumba la nyota, vibarua wa nchi yake walikuwa wakitembea kwa miguu kila kiangazi kwenda Uholanzi kukata majani, kwa sababu ardhi yao ya mchanga haikuwalisha. Hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja.

Kilele chake kilikuwa tarehe 12 Februari 1742, mjini Frankfurt, alipomvika kaka yake Karl Albrecht taji la Kaisari. Siku zilezile majeshi ya Austria yaliingia Munich, mji mkuu wa Bavaria. Kaka alikuwa na taji na hana nchi, akafa mwaka 1745.

Februari 1761 Clemens August alianza safari ya kwenda Munich. Akiwa mgonjwa alisimama Ehrenbreitstein kwa mwenzake, Askofu Mkuu wa Trier. Jioni kulikuwa na dansi, akacheza, akaanguka, na tarehe 6 akafariki. Johann Theodor, ndugu wa mwisho, alikitaka kiti cha Köln, na safari hii Roma ilinyima kibali. Mwaka 1764 mali za marehemu zilipigwa mnada Bonn ili kulipa madeni. Mfumo wenyewe uliishi hadi mwaka 1803, nchi za maaskofu zilipogawiwa kwa watawala wa kawaida na maaskofu wakabaki na majimbo tu.

Mwili wake ulizikwa katika Kanisa Kuu la Köln. Viungo vya ndani vilibaki Bonn. Moyo ulitiwa katika chombo cha fedha ukapelekwa Altötting, Bavaria, kwenye kikanisa cha Bikira Maria wanakowekwa mioyo ya watu wa ukoo wake.